Siti-skani siyo chekeche

Kaa nusu saa kwenye benchi la wagonjwa wa nje katika hospitali yoyote kubwa ya Mtwara au Lindi, utamsikia mtu akisema anataka "kipimo kikubwa". Hataki maswali, hataki kusikilizwa mgongo, na kile kikopo cha kutemea makohozi hataki hata kukiona. Anataka siti-skani. Simlaumu. Kwa miaka mingi mashine hiyo ilikuwa habari ya Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500 kutoka Mtwara mjini, na mkohozi wa Newala au Liwale aliyeandikiwa rufaa alipiga hesabu ya nauli na ya siku za kulala kwa ndugu, akaikunja karatasi na kurudi shamba. Kisha zikaja fedha za mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021, na sehemu yake ikaenda kwenye siti-skani za hospitali za rufaa za mikoa. Pale Mitengo, Mtwara, ikasimama Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia mwaka 2023. Mashine imesogea, na pamoja nayo limesogea wazo ninalolisikia sasa kila kona: kwa kuwa tunacho kipimo, basi wakohozi wote wapitishwe humo, ili wale ambao mirija ya mapafu imetanuka wajulikane mapema.

Nia ni njema, hesabu ndiyo mbovu. Siti-skani ni kipimo cha kuthibitisha ugonjwa wa kutanuka kwa mirija, na kwa kazi hiyo hakuna kinachoifikia. Lakini siyo chekeche. Ukiifanya chekeche utawapata wengi wasio wagonjwa, utawakosa wengi walio wagonjwa kwa sababu wamebaki kijijini, na utaiacha foleni ikimfunika yule anayeihitaji kweli. Chekeche tunalo kwingine, tena tunalo tayari, kwenye rejesta za kliniki za kifua kikuu.

Ugonjwa wenyewe wataalamu wanauita bronkiektasisi. Mfaransa René Laennec, yule aliyebuni kifaa cha kusikilizia kifua, ndiye aliyeueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1819. Mirija inayopeleka hewa ndani ya mapafu hupungua upana kadiri inavyogawanyika, kama matawi ya mkorosho yanavyokwisha kwa vijiti. Kwa ndani ina vinyweleo vinavyosukuma makohozi kuelekea kooni. Mapafu yakishambuliwa vibaya, iwe na kifua kikuu, nimonia ya utotoni, surua, kifaduro, au maambukizi ya mara kwa mara kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, kuta za mirija hulegea na kutanuka, vinyweleo huharibika, makohozi hutuama. Makohozi yaliyotuama ni shamba la bakteria. Bakteria huleta uvimbe. Uvimbe hubomoa kuta zaidi. Makohozi nayo huongezeka. Ni mduara unaojilisha wenyewe. Kwa mtu mzima mirija iliyokwisha kutanuka hairudi ilivyokuwa, ingawa kwa mtoto akiwahiwa hutokea ikarudi. Mgonjwa huamka na kikohozi chenye makohozi mengi, ya njano au kijani, mara nyingine yenye damu, na kila baada ya miezi kadhaa kifua humbana na homa kumlaza.

Sasa soma tena dalili hizo, halafu jiulize huku kwetu zinaitwaje. Zinaitwa TB. Hapo ndipo shauri lote linapoanzia. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na pia ni nchi iliyolifundisha jambo dunia: mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushirikiano na Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, ndio uliozaa utaratibu wa matibabu ya kusimamiwa ambao baadaye mataifa mengi yaliuchukua. Tumejua kumtafuta mgonjwa, kumpa dawa bure na kumfuatilia mpaka amalize. Ambalo hatukujifunza ni kumuuliza hali yake baada ya hapo. Rejestani huandikwa "amepona" au "amemaliza matibabu", na ukurasa unafungwa. Majirani zetu wa Malawi waliufungua: watafiti waliwapiga siti-skani watu wazima karibu mia nne mjini Blantyre walipokuwa wanamaliza dozi ya kifua kikuu, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa na mirija iliyotanuka, na karibu mmoja katika kumi alikuwa na sehemu nzima ya pafu iliyokwisha kuharibika. Hao ni watu ambao bakteria walikuwa wamekufa na dawa ilikuwa imefanya kazi yake.

Mjomba wangu ni mmoja wa watu wa namna hiyo, huko juu kwenye nyanda za Makonde. Chini ya kitanda chake cha kamba kuna kopo la siagi lenye majivu. Asubuhi huliinamia karibu robo saa kabla hajasema neno na mtu. Alitibiwa kifua kikuu mara ya kwanza kwa haki kabisa, makohozi yalionyesha vimelea. Mara ya pili, mwaka 2014, kituo kimoja ambacho sitakitaja kiliona makovu kwenye eksirei yake, kikamwanzishia dozi ya kurudia bila kusubiri makohozi: miezi minane, miwili ya kwanza ikiwa na sindano ya streptomisini kila siku. Sindano hiyo inajulikana kwa kudhuru masikio, na tangu hapo ukimwamkia mjomba lazima upaze sauti. Kikohozi kiko palepale. Nilipomuuliza kama anaendelea na kliniki, alicheka: "Mpwa wangu, wale wanatibu picha. Anayekohoa ni mimi."

Nimeirudia kauli hiyo kichwani mara nyingi, kwa sababu inawahusu wenzangu wanaotaka siti-skani kwa wote kama inavyokihusu kile kituo. Picha ya siti-skani ni ya ajabu kweli. Mgonjwa anabana pumzi mara moja, sekunde chache tu, na mapafu yake yanakatwa vipande vyembamba vya milimita moja au pungufu. Kila mrija hutembea na mshipa wake wa damu, na kwa mtu mzima wa kawaida viwili hivyo hukaribiana unene. Mrija ukimzidi mwenzake, kipande kinaonyesha duara kubwa jeusi lenye doa jeupe pembeni, mfano wa pete yenye kito. Msomaji wa picha huangalia pia kama mrija unapungua upana kadiri unavyokwenda, na kama unaonekana hadi sentimita moja karibu na ukingo wa pafu, mahali ambapo mrija mzima hauonekani. Vigezo hivyo vina umri wa miaka zaidi ya 40 na bado vinatumika.

Ila mirija hutanuka kidogo pia kwa uzee tu. Kati ya wazee wasio na kikohozi wala historia yoyote, wengi wakipigwa siti-skani watakutwa na mrija mmoja au miwili iliyouzidi mshipa, na hakuna kinachowasumbua. Ndiyo maana jopo la kimataifa la mabingwa lilipoandika tafsiri ya ugonjwa huu mwaka 2022 lilikataa kuiachia picha peke yake. Walisema lazima picha ionyeshe mirija iliyotanuka, na mtu awe na mawili kati ya haya matatu: kukohoa siku nyingi za wiki, kutoa makohozi siku nyingi za wiki, na kuwahi kupata vipindi vya kuzidiwa kifua. Bila hayo, picha ni picha. Tuseme basi, kwa mfano tu, kwamba katika watu 1,000 tutakaowapanga kwenye foleni 20 ndio wenye ugonjwa, na kwamba kati ya 980 waliobaki picha inamtia shaka mmoja katika kumi. Tutatoka na wagonjwa 20 na watu 98 wenye hofu, vipimo vya ziada, na pengine dawa za bure kwa maana mbaya ya neno bure.

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na Kiswahili chenyewe. Neno "kupima" tunalitwisha kazi mbili zisizofanana. Unapima korosho kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zote, hata za mtu asiye na wasiwasi na gunia lake. Na daktari anakupima kwa sababu umekuja na tatizo. Kuwapima watu wasiolalamika ili kuwabaini wachache ni kazi yenye masharti yake, na masharti hayo yaliandikwa na Wilson na Jungner kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1968: ugonjwa uwe mzito kwa jamii, kipimo kiwe chepesi na chenye kukubalika, pawe na tiba na mahali pa kuitolea, na gharama ilingane na faida. Bronkiektasisi inapita sharti la kwanza. Kwenye kipimo chepesi siti-skani inaanguka. Kwenye mahali pa kutolea tiba tunaanguka sisi, nami nitarudi hapo.

Watetezi wa siti-skani kwa wote wana hoja mbili zinazostahili heshima. Ya kwanza ni saratani ya mapafu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011, wenye watu zaidi ya 53,000, ulionyesha kuwa siti-skani ya mionzi kidogo ilipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 20. Kwa nini tusiige? Tuige, lakini tuige yote. Wale hawakuwa watu wa kuokotwa barabarani. Walikuwa wavutaji wakubwa wa sigara, waliopo na walioacha, wa miaka 55 hadi 74. Walichekechwa kwanza kwa maswali, ndipo wakapelekwa kwenye mashine. Na hata hivyo, sehemu kubwa mno ya walioambiwa picha ina shaka hawakuwa na saratani. Hoja ya pili ni programu za kompyuta zinazosoma eksirei za kifua. Shirika la Afya Duniani liliziruhusu mwaka 2021 kwa uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, na ni msaada mkubwa mahali ambapo daktari wa mionzi yuko wilaya nne mbali. Nazikaribisha. Ila zilifundishwa kutafuta kifua kikuu, na udhaifu wao unajulikana: kwa mtu aliyewahi kuugua TB huchanganya kovu la zamani na ugonjwa mpya. Yaani kundi lile lile tunalolitafuta ndilo linalozikoroga. Mjomba akipitishwa kwenye programu hiyo kesho, sitashangaa ikimrudisha kwenye vidonge.

Historia nayo ina la kusema. Kuanzia miaka ya 1930, Manuel de Abreu wa Brazili alipobuni eksirei ndogo ya bei nafuu, nchi nyingi zilizungusha magari ya eksirei mitaani na kumpiga kila mtu kifua. Mwaka 1974 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ikasema basi: wagonjwa walipatikana wachache kwa gharama kubwa, na wengi wao wangekuja wenyewe na kikohozi chao. Eksirei ilirudi kwa heshima baadaye, ikiwa imeelekezwa kwa makundi yenye hatari kubwa.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka upande wa pili, nayo naisikia hata kwa watu wenye koti jeupe: mirija ikishatanuka haitibiki, sasa ya nini kujua? Kwa mantiki hiyo tungeacha kupima kisukari na shinikizo la damu. Kutopona na kutotibika si kitu kimoja. Mgonjwa wa bronkiektasisi akifundishwa kusafisha kifua, kulala upande ulioharibika ukiwa juu ili makohozi yateremke, kuvuta pumzi ndefu na kuisukuma nje kwa kishindo cha "hah" badala ya kukohoa kwa kujikamua, anatoa asubuhi kile ambacho kingemchosha siku nzima. Hayo hayanunuliwi dukani. Akizidiwa anahitaji antibiotiki kwa siku za kutosha, mara nyingi 14, siyo tano. Wanaozidiwa mara kwa mara wanaweza kupewa antibiotiki ya azithromisini kwa miezi, baada ya kuhakikisha hawana vimelea vya jamii ya TB ambavyo dawa hiyo ikitumika peke yake huvifundisha usugu. Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha brensocatib, dawa ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahsusi kwa ugonjwa huu. Haitafika Tandahimba leo wala kesho, lakini inamaliza porojo kwamba dunia imeshauacha. Na hata pasingekuwa na dawa yoyote, kujua kungemwepusha mtu na miezi minane ya dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Kwangu hiyo peke yake inatosha.

Wapo pia wanaosema eksirei ya kawaida inatosha, siti-skani ni anasa. Hapa nakubali nusu. Eksirei ikionyesha mistari miwili sambamba kama reli, au vijiduara vilivyosongamana, imefanya kazi. Tatizo ni eksirei inayosomeka safi. Ugonjwa wa wastani hujificha nyuma ya moyo na chini karibu na kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, mgonjwa akaambiwa kifua hakina kitu, akaandikiwa dawa ya pumu. Mtu mwenye makohozi ya kila siku na eksirei safi ndiye hasa siti-skani iliyotengenezewa.

Mionzi nayo isipuuzwe wala isitukuzwe. Eksirei moja ya kifua ni kama milisiviti (kizio cha mionzi) 0.1, siti-skani ya kawaida ya kifua ni kama tano hadi saba, nayo ya mionzi kidogo kama moja na nusu. Ardhi na anga zenyewe hutupa wastani wa 2.4 kwa mwaka. Kwa mgonjwa mwenye sababu, hiyo ni bei ndogo. Kwa halaiki ya vijana wenye mafua, ni kutoza kodi bila kutoa huduma.

Nasema mafua lakini ningeweza kusema salfa. Kuanzia mwezi wa sita, wakati wa kupuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, vumbi la njano linajaa mashambani kutoka Nanyumbu hadi Nachingwea, na wapulizaji wengi wamefunga kitambaa tu puani. Salfa huwasha njia ya hewa. Vijiji vizima hukohoa. Ongeza moshi wa kuni jikoni. Ukitangaza mwezi wa saba kwamba wakohozi wote waje siti-skani, utapata foleni ya salfa. Wale niwatafutao mimi walianza kukohoa kabla ya msimu na wataendelea korosho zikishauzwa mnadani.

Basi nani apitishwe? Muuguzi wa kliniki ya TB afungue rejesta ya miaka mitano iliyopita, awaite waliomaliza dozi, awaulize yale mambo matatu ya jopo la mwaka 2022: kikohozi, makohozi na kuzidiwa kifua. Kazi hiyo inafanyika zahanati, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuianza kwa simu au kwa baiskeli. Wenye jibu la ndiyo watoe makohozi kwanza, maana kifua kikuu kinaweza kurudi na hakuna picha inayokiondoa. Makohozi hayo yasomwe kwa busara: GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB, inaweza kuokota masalia ya vimelea vilivyokufa kwa mtu aliyetibiwa karibuni, kwa hiyo jibu chanya kwake linahitaji kuoteshwa maabara kabla ya kuanzisha dozi nyingine. Kisha eksirei. Wanaobaki na shaka, pamoja na wanaokohoa damu na watoto wenye kikohozi cha majimaji kisichokoma, ndio waende Mitengo au Lindi mjini, wakiwa na nauli iliyopangwa na kitu cha kuwasubiri wakirudi. Kitu hicho ni mtaalamu wa fiziotherapia. Bila yeye tutakuwa tumewapa watu jina la ugonjwa na bahasha ya kaki, na hospitali za wilaya wanakoishi wagonjwa hawa ndiko mtaalamu huyo alikoadimika. Ningekuwa na shilingi moja ya kuongeza, ningeiweka kwake kabla ya kununua mashine ya pili. Barabara ilipokatika kule Kilwa kwa mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, hakuna rufaa iliyopita hapo kwenda Dar. Zoezi la kusafisha kifua lingeweza kuendelea nyumbani kila asubuhi bila kusubiri daraja.

Halafu kuna jambo dogo ambalo hakuna diwani atakayelisemea. Nimeona fomu ya kuombea siti-skani ambayo daktari aliandika neno moja tu: "kifua". Mpiga picha akipewa fomu hiyo atakata vipande vinene vya milimita tano, pengine na dawa ya kuonyeshea mishipa ambayo kwa ugonjwa huu haihitajiki, na mirija midogo iliyotanuka itafichika katikati ya vipande. Mgonjwa atarudishiwa "haina kitu" kutoka kwenye kipimo kikubwa kuliko vyote. Fomu ile ile ingeandikwa "alimaliza dozi ya TB miaka mitatu iliyopita, makohozi kila siku, amelazwa mara mbili kwa kifua, vimelea havionekani, tafadhali vipande vyembamba", mashine ingekuwa ile ile, umeme ule ule, na mtu aliyelala juu ya kitanda kile akibana pumzi angekuwa amekwisha kuulizwa.